Jedwali la anko: chanjo, vifo na nchi tatu za ziwa moja

Hiki kisa kilianzia kwenye arobaini pale Kirumba, watu wameshakula, masufuria yanaoshwa, wazee wamekaa chini ya turubai wanasubiri chai, na si mnajua misiba yetu, mkianza kuwataja waliotangulia lazima ifike sehemu mtu aseme "aah, huyo si aliondoka kipindi kile cha changamoto ya upumuaji". Wa Mwanza hilo neno mnalijua. Mwanzoni mwa 2021 korona haitajwi kwa sauti, ilikuwa changamoto ya upumuaji, nimonia, presha imepanda, basi, mnazika mnarudi nyumbani.

Anko wangu ni mwalimu mstaafu, mtu wa kuandika kila kitu. Akaingiza mkono mfukoni akatoa karatasi, kachora jedwali kwa rula kabisa, nchi tatu zinazogawana ziwa letu. Safu ya kwanza waliopata dozi kamili mpaka mwisho wa zoezi: Tanzania zaidi ya nusu ya watu wote, Kenya na Uganda kila mmoja chini ya theluthi. Safu ya pili vifo vya korona vilivyotangazwa na serikali tangu mwanzo: Kenya zaidi ya 5,600, Uganda zaidi ya 3,600, Tanzania 846. Akaizungusha ile karatasi wazee waione, akasema mnaona wenyewe, aliyechanja sana kafa kidogo, chanjo imefanya kazi, mjadala umeisha.

Binamu yangu anayevua dagaa, ambaye chanjo hataki hata kuisikia, akaichukua ile ile karatasi. Akasema anko, shikamoo kwanza, ila hapa umenisaidia mimi. Kenya walianza kuchanja Machi 2021, Uganda Machi hiyo hiyo, sisi tukaja kuanza mwisho wa Julai, tena kwa kusuasua. Sasa waliotangulia kuchanja ndo waliokufa wengi, na sisi tuliokuwa tunajifukiza nyungu tumekufa wachache. Mjadala umeisha kweli.

Turubai zima likacheka. Karatasi moja, wameshinda wote wawili. Shangazi ndo mwenye nyumba na ndo mwenyekiti wa kikundi cha kina mama wa dagaa hapo mwaloni, yaani pale ziwani samaki wanaposhushwa na kupimwa, akaja na birika akaniambia, "We si ndo ulisomea hayo mahesabu? Waamulie hawa, chai inapoa."

Sikuwa na jibu la hapo hapo. Nikaomba karatasi niende nayo, nikakaa nayo kama wiki mbili hivi, na hiki ninachoandika ndo kile nilichoenda kumwambia shangazi. Niseme tu mapema ili msinidhanie: mi nimechanja, na naamini anko yuko sahihi kwamba chanjo iliokoa watu. Ndo maana hii kazi iliniuma, maana ningeweza kumpiga binamu kwa karatasi ile nikalala vizuri. Ila ile karatasi haimsaidii anko hata kidogo, na kumwambia mtu wa upande wako kwamba ushahidi wake mbovu ni kazi ngumu kuliko kubishana na mpinzani.

Tuanze na ile 846, maana hapo ndo penye mzigo.

Mgonjwa wa kwanza Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Mpaka mwanzoni mwa Mei 2020 tulikuwa tumefika wagonjwa 509 na vifo 21, halafu kimya. Mnakumbuka ule wakati, sampuli za mbuzi na papai zimeonekana zina korona, maabara inatiliwa shaka, na kuanzia hapo hesabu haikusogea zaidi ya mwaka mzima. Dunia nzima ukifungua takwimu za Tanzania unakuta 509 na 21, 509 na 21, kila siku, kama saa iliyokufa betri. Tulikuja kuanza tena kutoa namba katikati ya 2021 awamu ya Mama Samia. Kwa hiyo chukua 846 toa 21, zilizobaki zote zimeandikwa baada ya kurudi kuhesabu. Sasa jiulize, lile wimbi la Januari mpaka Machi 2021, lile ambalo kila mtu hapo chini ya turubai alikuwa na jina la kutaja, liko wapi kwenye 846? Halipo. Hawajapunguzwa wala nini, hawajaingia kabisa.

Nilipomweleza binamu nilitumia lugha ya kwake. Nikamwambia chukua wavuvi wawili, mmoja anashusha mwaloni kila asubuhi, mzigo unapita kwenye mzani, karani anaandika. Mwingine anauza juu kwa juu huko huko ziwani kabla hakujapambazuka, akifika mwaloni anapimisha ndoo mbili za kupigia picha. Mwisho wa mwezi ukisoma daftari la karani utasema huyu wa pili hajui kuvua. Akacheka, maana anawajua watu wa namna hiyo kwa majina.

Na hata hao wanaopitisha mzani, yaani Kenya na Uganda, mzani wenyewe haushiki kila kitu. Ili kifo kiitwe cha korona ilibidi mtu afike kituo, kituo kiwe na kipimo, apimwe, jibu litoke, liandikwe, lipelekwe juu. Aliyefia nyumbani, huko visiwani Ukerewe au Ukara ambako mpaka umpate mtu wa boti alfajiri, anaingilia wapi? Kuna kazi ilifanyika Lusaka mwaka 2020 ambayo huwa naitaja kila mjadala huu ukianza. Watafiti walikaa mochwari ya hospitali kubwa ya chuo kikuu, wakapima miili 364 kati ya Juni na Septemba, bila kujali hati imeandika kafa na nini. Miili 70 ilikutwa na virusi. Kati ya hiyo 70, watu 51 walikuwa wamefia nje ya hospitali. Waliokuwa wamepimwa korona kabla hawajafa ni 6 tu. Sita! Na kipindi hicho watu walikuwa wanasema Afrika korona imetuogopa. Hiyo ni Zambia, sio Tanzania, sichukui asilimia zao nikazibandika kwetu, ila inakuonyesha mzani wenyewe ulikuwa wa aina gani sehemu nyingi za huku kwetu.

Ndo maana wanaojua haya mambo walihamia kwenye hesabu ya vifo vilivyozidi. Yaani unaacha kuuliza kafa na nini, unauliza tu mwezi huu wamekufa watu wangapi ukilinganisha na mwezi kama huu miaka ya kawaida. Shirika la Afya Duniani lilipotoa makadirio yake Mei 2022, dunia nzima kwa 2020 na 2021 walipata vifo vilivyozidi kama milioni 14.9, wakati vilivyokuwa vimeripotiwa kama korona ni milioni 5.4. Karibu mara tatu. Ila hiyo njia inataka nchi iwe inaandikisha vifo vyake vyote, na huku kwetu mnajua wenyewe, cheti cha kifo mtu anakifuata pale kunapokuwa na kiwanja, mafao au akaunti ya benki. Bibi wa Kwimba akifa anazikwa kesho yake na hamna karatasi popote.

Kwa hiyo safu ya pili ya jedwali la anko haisemi watu walikufa wangapi, inasema waliandikwa wangapi. Ukilinganisha Kenya na Tanzania hapo unalinganisha makarani.

Ningeweza kuishia hapo, ila binamu sio mtu wa kuachiwa nafasi. Akaniambia sawa, basi tuiondoe Tanzania, tuchukue waliohesabu, Kenya na Uganda, wale walichanja mapema na bado Juni ile walikufa sana, si kweli? Kweli kabisa. Juni 2021 upande ule wa ziwa ulikuwa moto. Katikati ya mwezi huo Kenya iliwafungia kaunti 13 za ukanda wa ziwa na jirani zake, Kisumu, Siaya, Homa Bay, Migori, Busia, Kisii na wengine, watu ndani saa moja jioni. Uganda nao tarehe 18 Juni wakapigwa lokdauni ya siku 42. Ile ilikuwa Delta, aina ya kirusi cha korona iliyokuwa kali kipindi hicho.

Ila "walichanja mapema" maana yake nini? Hapa ndo ninapotaka watu watulie. Kenya ilipokea dozi milioni 1.02 za AstraZeneca mwanzoni mwa Machi 2021, Uganda 864,000 siku mbili baadaye, halafu India nako kukawaka, kiwanda kilichokuwa kinatengeneza zile dozi kikazuiwa kusafirisha nje, mzigo uliofuata haukuja kwa wakati. Sasa Kenya ina watu zaidi ya milioni 50. Milioni moja ni kama wawili katika kila mia, na AstraZeneca inataka dozi mbili, kwa hiyo wengi walikuwa hata hawajamaliza. Delta imefika Kisumu imekuta nchi ambayo kwenye magazeti inaitwa "imeanza kuchanja" na mtaani hamna aliyechanjwa. Kuanza sio kufika. Mtu akiniambia ameanza kujenga Buhongwa siendi kulala kwake usiku huo.

Na kosa hilo hilo, ukiligeuza, ndo la anko. Ile asilimia yetu ya zaidi ya nusu haikuwepo 2021. Mzigo wa kwanza wa Johnson, chanjo ya dozi moja tu, dozi 1,058,400, uliingia tarehe 24 Julai 2021, Rais akachanjwa tarehe 28, mikoani tukafuata Agosti. Kwa watu milioni 60 hiyo ni kitu gani? Tulianza 2022 tukiwa chini ya asilimia kumi, kisha ndani ya 2022 ndo zoezi likashika kasi, nyumba kwa nyumba, minadani, stendi, makanisani, misikitini, hata hapo mwaloni meza ilikuja. Wakati huo Delta imeshapita, Omikroni, aina iliyofuata, ya Desemba na Januari nayo imeshapita. Sasa unachukua chanjo iliyofika kilele mwisho wa 2022, unaiweka pembeni ya vifo vilivyoanza kuhesabiwa 2020, halafu unasema hiki kimezuia kile. Ni sawa na binamu anunue taa mpya za sola tarehe ishirini, halafu achukue dagaa wa mwezi mzima aseme hizi ndo zimeletwa na taa mpya, wakati giza zuri la kuvulia lilikuwa wiki ya kwanza na taa zilikuwa bado dukani. Anko hili lilimkera kweli, alinijibu kwa kifupi sana. Ila alielewa.

Kwa waliosoma: ukitaka kulinganisha, chukua chanjo ya watu walivyokuwa wiki chache kabla ya wimbi, na vifo vya wimbi hilo tu. Jumla ya tangu mwanzo mpaka mwisho inachanganya watu waliokufa kabla chanjo haijatengenezwa na waliokufa baada.

Binamu naye hakukaa bure. Siku ya pili akanitumia kazi ya watafiti wawili iliyotoka Septemba 2021 kwenye European Journal of Epidemiology, nchi 68 na kaunti 2,947 za Marekani, inasema ongezeko la maambukizi halina uhusiano na kiwango cha chanjo. Akaniandikia "jarida la kisayansi hilo, sio kijiwe". Nikaisoma. Walichukua maambukizi ya siku saba tu za hivi karibuni wakayaweka pembeni ya asilimia ya chanjo. Siku saba! Mawimbi hayafiki kila sehemu siku moja, wiki hii yako huku, mwezi ujao yako kule, kwa hiyo ukipiga picha ya wiki moja unaweza kupata chochote kile. Halafu ni maambukizi, sio vifo wala waliolazwa, na sehemu inayopima sana itaonyesha maambukizi mengi. Na hata wenyewe hawakuandika watu wasichanje, walisema tusitegemee chanjo peke yake. Kwa hiyo kosa la anko na binamu lina wasomi ndani yake, wasijisikie vibaya.

Umri sasa. Hapa nitakaa kidogo maana ndo panapobadilisha kila kitu, na hapaonekani popote kwenye jedwali.

Korona haikuua kwa kura ya bahati nasibu, iliua wazee kwa mbali sana. Sensa ya 2022 inaonyesha karibu asilimia 43 ya Watanzania wana chini ya miaka 15, na wenye miaka 65 na kuendelea hawafiki 5 katika mia. Uingereza hao wa 65 ni karibu mmoja katika kila watano. Kwa hiyo hata kama kusingekuwa na chanjo popote na makarani wote wangehesabu sawasawa, Uingereza ingezika wengi kuliko sisi kwa watu idadi ile ile. Wanaosema "Ulaya wamechanja mpaka basi na bado wamekufa kuliko sisi" wanalinganisha kijiji cha wazee na shule ya msingi.

Ila ndani ya asilimia ya chanjo kuna umri pia. "Nusu wamechanjwa", nusu ipi? Mfano mkali kuliko yote ninaoujua ni Hong Kong. Mpaka mwisho wa 2021 walikuwa wamepoteza watu wasiofika 250 tangu korona ianze, na zaidi ya asilimia 60 ya watu walishapata dozi mbili. Jedwali la anko lingewapa hongera. Kumbe waliochanjwa wengi ni vijana na watu wa makazini, wazee wengi walikuwa wamegoma, wanaogopa, familia zinasema subiri kwanza. Omikroni ikaingia. Kuanzia tarehe 6 Januari mpaka 21 Machi 2022 walikufa watu 5,906 kwenye mji wa watu kama milioni 7.4. Asilimia 96 ya hao walikuwa na miaka 60 kwenda juu, na katika hao wazee waliokufa, asilimia 70 hawakuwa na dozi hata moja. New Zealand walipata Omikroni karibu wakati huo huo, ila wao wazee wao walikuwa wamechanjwa karibu wote, na hawakuona kitu kama kile.

Nikarudisha hili nyumbani. Chukua kata mbili hapa Mwanza, nasema kwa mfano tu, kila moja imefikisha 50 kwa mia ya watu wazima. Kata moja walienda na meza stendi, wakapata makonda, bodaboda, mamantilie, vijana. Kata nyingine waliingia majumbani wakawapata bibi na babu. Kwenye ripoti ya mkoa zote zinaandikwa 50. Msibani hazifanani hata kidogo.

Halafu kuna ile hoja ya "waliolazwa wengi wamechanjwa". Binamu anaipenda hiyo, na anao ushahidi kweli, Israeli tarehe 15 Agosti 2021, wagonjwa mahututi 515, kati yao 301 walikuwa wamechanjwa kamili, ni zaidi ya nusu. Ila Israeli watu wazima wengi sana walikuwa wamechanjwa. Kama kila mvuvi wa Ukerewe atavaa jaketi la kuokolea, siku boti ikizama watakaokufa wote watakuwa wamevaa jaketi, sasa utasema jaketi linazamisha? Inabidi ugawe kwa idadi ya watu wa kila upande. Ukifanya hivyo Israeli unapata mahututi 16.4 kwa kila watu laki moja wasiochanjwa, na 5.3 kwa waliochanjwa. Nzuri, ila bado inaonekana chanjo inazuia kama theluthi mbili tu. Sasa gawa kwa umri uone maajabu. Chini ya miaka 50: wasiochanjwa 3.9, waliochanjwa 0.3. Miaka 50 na zaidi: wasiochanjwa 91.9, waliochanjwa 13.6. Yaani kwa vijana kinga ni zaidi ya asilimia 90, kwa wazee 85, ila ukiwachanganya inaporomoka mpaka 67. Namba ya mchanganyiko iko chini kuliko zote mbili zilizoitengeneza! Nilipoiona mara ya kwanza nilirudia hesabu mara tatu nikidhani kikokotoo cha simu kimeharibika. Sababu ni kwamba kwa waliochanjwa wazee ni sehemu kubwa kuliko kwa wasiochanjwa, na wazee hata wakichanjwa bado wana hatari kuliko kijana asiyechanjwa, na wasiochanjwa wengi ni vijana ambao hawakuwa wanalazwa sana tangu mwanzo. Sasa kama ndani ya nchi moja, siku moja, hospitali zile zile, umri peke yake unapindisha hesabu hivyo, we unalinganisha nchi tatu kwa miaka mitatu bila umri unategemea upate nini?

La mgawanyo, yaani dozi unazigawa kwa watu wangapi, nilipitie haraka, ingawa hapo mi mwenyewe nilishaangukia pua. Mwisho wa 2021 shangazi aliniomba nimsaidie kujua Mwanza tumechanja kiasi gani, nikachukua namba nikagawa kwa sensa ya 2012, maana ndo niliyokuwa nayo, watu 2,772,509. Sensa ya Agosti 2022 ikaja ikasema Mwanza ni 3,699,872. Chukua dozi 500,000 za kuchorea mfano: kwa sensa ya zamani ni asilimia 18, kwa mpya ni 13.5, na ukigawa kwa watu wazima tu, tuseme nusu ya watu wote, ni 27. Sindano zile zile, mikono ile ile. Mkoa mmoja ukiripoti kwa watu wazima na jirani yake kwa watu wote, wa kwanza anaonekana shujaa bure. Halafu dozi sio watu, Johnson mia moja ni watu mia moja waliomaliza, AstraZeneca mia moja ni hamsini. Na huku ziwani watu hawakai, wa Sengerema na Geita wanavuka wanachanjia mjini, mvuvi wa Buchosa anachanjiwa Musoma, anaandikwa kule alikochomewa wakati nyumbani kwake anahesabiwa kwenye idadi ya watu. Basi, hilo limetosha.

Sasa mtu ataniuliza, kama jedwali la nchi halisemi kitu, unajuaje chanjo iliokoa? Najua kwa sababu ya hesabu kama ile ya Israeli na ile ya wazee wa Hong Kong, yaani watu wa sehemu moja, wimbi moja, umri unaofanana, waliochanjwa kulia wasiochanjwa kushoto, na kwa sababu ya majaribio ya mwanzo ambako watu walipangwa kwa bahati nasibu nani apate dawa nani apate maji. Hapo ndo pa kubishania. Jedwali la mikoa au nchi linaweza kukupa swali zuri, kama mbona huku hivi na kule vile, halafu unashuka chini kutafuta jibu. Anko alilitumia kama jibu, binamu naye hivyo hivyo.

Nilienda kumweleza shangazi jioni moja, anageuza dagaa kwenye vichanja kabla umande haujaanza, na hapo kulikuwa na utani wake wa siku zote kwamba yeye amechanja tangu utoto maana amekulia kwenye vichanja. Nikaongea kama nusu saa. Akanisikiliza vizuri tu. Mwisho akaniuliza, kwa hiyo hapa mwaloni tulikufa wangapi?

Nikamwambia hamna anayejua, hakuna aliyeandika.

Akasema, mbona sisi tuliandika.

Akaingia ndani akatoka na daftari la kikundi, lile la michango ya misiba. Kila mwanachama akifiwa kikundi kinatoa rambirambi, na kila shilingi inayotoka inaandikwa tarehe na jina, tangu kikundi kianze, maana kina mama wale hela yao huchezei. Tukafungua 2019. Kurasa nyembamba, msiba hapa, msiba pale. 2020 hivyo hivyo. Tukafika Februari 2021 na shangazi akanyamaza, kwa sababu ukurasa ulijaa mpaka katibu akaanza kuandika pembeni kwa herufi ndogo, na Machi nayo ikaanza ukurasa mpya katikati ya mwezi.

Nikajitahidi nisiruke. Kikundi ni cha watu wachache, wanachama wanaongezeka kila mwaka kwa hiyo misiba lazima iongezeke, mwaka mmoja ukiwa na wazazi wengi wazee kurasa zitajaa hata bila ugonjwa wowote, na mwanachama mmoja anaweza kufiwa mara mbili. Nikamwambia hayo yote. Akasema sawa, nimeelewa, sasa unataka nini ili iwe hesabu? Nikamwambia nahitaji wanachama walikuwa wangapi kila mwaka, na kila marehemu alikuwa na miaka mingapi. Daftari halina umri, limeandikwa tu "msiba wa baba yake fulani", "msiba wa mama mkwe wa fulani".

Akavuta kigoda, akawaita wenzie wawili waliokuwa wanafunga magunia, akanipa kalamu. Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza wa Februari.

"Huyu," akawauliza, "si ndo aliyekuwa anasema alizaliwa mwaka wa uhuru?"